Ndiyo Yetu Iwe Ndiyo: Imani ya Wamenonite na Maisha ya Kila Siku



Aliye na Biblia karibu na afungue Injili ya Mathayo sura ya 5, asome polepole kuanzia mstari wa 33 hadi mwisho wa sura. Hapo Bwana wetu anatufundisha mambo matatu: tusiape kabisa, tusimlipe mwovu kwa uovu, na tuwapende adui zetu. Wengi wetu tumeyasikia maneno hayo tangu Shule ya Jumapili. Leo twataka kuzungumza juu ya Wakristo ambao kwa karibu miaka mia tano wamejaribu kuyatenda maneno hayo siku ya Jumatatu, sokoni, shambani na mahakamani. Wakristo hao huitwa Wamenonite.

Wale mnaokaa upande wa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, mnawajua, kwa kuwa ni majirani zenu. Lakini katika sharika nyingine tumeulizwa maswali. Je, hili ni dhehebu jipya? Je, ni kweli kwamba hawapandi magari? Je, wanaamini Yesu ni Mwana wa Mungu? Ni vizuri tujibu kwa haki, maana kumsingizia jirani ni dhambi hata kama jirani huyo ni wa kanisa lingine.

Tuanze na swali la mwisho. Wamenonite wanaamini Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wanaamini kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu akafufuka, na kwamba tunaokolewa kwa neema. Katika hayo sisi na wao tu kitu kimoja. Tofauti yao kubwa ni jinsi wanavyolijibu swali hili: mtu aliyeokolewa ataishije kesho?

WALIANZIA WAPI?

Wamenonite walitokea katika siku zile zile za Matengenezo ya Kanisa. Martin Luther alikuwa ameanza kazi yake Ujerumani mwaka 1517. Katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, mhubiri Ulrich Zwingli alikuwa akilifafanua Neno la Mungu kwa ujasiri, na vijana kadhaa wenye elimu walisoma Agano Jipya pamoja naye. Vijana hao wakaanza kuuliza: Kama Kanisa ni la wale wanaomfuata Kristo kwa kupenda, kwa nini baraza la mji ndilo liamue Kanisa litengenezwe lini na kwa namna gani? Na kwa nini abatizwe mtoto mchanga ambaye hajaweza kuamini?

Baraza la mji liliwaamuru wabatize watoto wao na waache mikutano yao. Jioni ya tarehe 21 Januari 1525 wakakutana nyumbani kwa mama yake Felix Manz. Huko Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, mtu aliyewahi kuwa padre, na Blaurock akawabatiza wengine waliokuwamo. Watu wakawapa jina la Waanabaptisti, yaani wenye kubatiza mara ya pili. Wao wenyewe walisema ubatizo huo ndio wa kwanza, kwa kuwa ule wa utotoni haukuwa na imani ya mbatizwa ndani yake.

Mwaka 1525 jambo hilo halikuwa dogo. Daftari la ubatizo lilikuwa pia daftari la raia. Mtu aliyekataa mtoto wake asibatizwe alionekana kama mtu anayevunja nchi. Kwa hiyo tarehe 5 Januari 1527 Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat akafa. Adhabu ya maji kwa kosa la maji. Nasi tukumbuke kwamba mji uliomhukumu ulikuwa mji wa Waprotestanti, wenye kuisoma Biblia ile ile.

Sasa jina la Menno lilitoka wapi? Menno Simons alizaliwa mwaka 1496 katika jimbo la Friesland, nchi ya Uholanzi, akawa padre mwaka 1524. Mwaka 1531 alisikia kwamba mshona nguo mmoja amekatwa kichwa katika mji wa Leeuwarden kwa sababu alibatizwa mara ya pili. Habari hiyo ilimsumbua, akaanza kuchunguza Maandiko. Kisha kukatokea aibu kubwa. Katika miaka ya 1534 na 1535 Waanabaptisti fulani waliuteka mji wa Münster kule Ujerumani, wakashika silaha, wakajitangazia ufalme, wakaoa wake wengi, na mwisho wake ukawa damu tupu. Menno aliona kondoo wengi wanapotea kwa kukosa mchungaji. Mwaka 1536 aliacha cheo chake na mapato yake, akawa mchungaji wa wale Waanabaptisti waliokataa upanga. Tangu hapo mpaka kufa kwake mwaka 1561 aliishi kama mtu anayewindwa, akihama mahali hata mahali. Wafuasi wa njia hiyo ndio waliokuja kuitwa kwa jina lake.

Na magari je? Mwaka 1693 mzee mmoja aliyeitwa Jakob Ammann alitaka maagizo makali zaidi, wakatengana, na wafuasi wake wakaitwa Waamishi. Hao ndio wanaojulikana sana kwa magari ya kukokotwa na farasi, pamoja na vikundi vichache vya Wamenonite wa desturi za kale huko Marekani na Kanada. Wamenonite wengi mno huendesha magari kama sisi na huvaa kama sisi. Leo waliobatizwa katika jamii yao ni zaidi ya milioni mbili, katika nchi zaidi ya 80, na bara lenye wengi wao ni Afrika.

UBATIZO WA ALIYEKUBALI

Jambo la kwanza linaloyatengeneza maisha yao ni ubatizo. Mtoto wa Mmenonite huombewa na kufundishwa, lakini habatizwi mpaka aseme mwenyewe, mbele ya watu, kwamba amemwamini Kristo na yu tayari kumfuata pamoja na wenzake.

Angalieni jinsi jambo hilo linavyoingia nyumbani. Baba hawezi kusema, Mwanangu ni Mkristo kwa kuwa sisi ni Wakristo. Lazima aishi hivi kwamba mwanawe akitazama atatamani kuchagua njia ile ile. Na yule aliyebatizwa hujua kwamba ameahidi mambo mawili: kutoa shauri na kupokea shauri. Akikosa, ndugu atamwendea faraghani kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Akikataa, wataenda wawili au watatu. Akizidi kukataa, kanisa litaambiwa. Kwao nidhamu hiyo ni kazi ya washiriki wote, mchungaji hawezi kuachiwa peke yake.

Katika vikundi vya desturi za kale hata mchungaji hupatikana kwa njia ya kutusitusha. Washiriki hutaja majina ya watu wanaowaona wanafaa. Kisha vitabu hupangwa mezani, idadi sawa na watu waliotajwa, na ndani ya kimoja kimewekwa kikaratasi. Kila mtu huchukua kitabu kimoja. Aliyekipata kikaratasi ndiye aliyechaguliwa, naye atahubiri maisha yake yote bila mshahara, huku akilima shamba lake. Hakuna kampeni wala kununua kura.

NDIYO NA SIYO

Jambo la pili ni kiapo. Kwa ajili ya Mathayo 5 na Yakobo 5, Wamenonite wamefundisha tangu mwanzo kwamba Mkristo asiape. Mahakamani huomba ruhusa ya kuthibitisha kwamba watasema kweli, bila kuapa. Katika nchi nyingi, hata katika Kenya yetu, sheria inamruhusu mtu ambaye dini yake inamkataza kuapa afanye hivyo.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo madogo. Lakini tafakarini. Anayeapa mbele ya hakimu kwamba leo atasema kweli, je, jana alikuwa akisema nini? Mmenonite anayekataa kiapo anajifunga kuwa mtu wa kweli siku zote. Akikuambia ng'ombe huyu hana ugonjwa, iwe kweli. Akikuambia mlango utakuwa tayari Ijumaa, uwe tayari Ijumaa. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na hao wameliandika deni hilo katika imani yao.

Na sisi wa Kenya tunayo habari ya kiapo ambayo hatuwezi kuisahau. Katika miaka ya Hali ya Hatari, tangu 1952, walikuwako Wakristo wa Uamsho katika Mkoa wa Kati, Waanglikana na Wapresbiteri, waliokataa kula kiapo kwa sababu walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo mezani pake. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, kwa kuwa hawakutaka kumwua jirani. Pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Hawakuwa Wamenonite, na pengine jina hilo hawakulisikia kamwe. Lakini walikuwa wameisoma Mathayo 5 wakafika mahali pale pale.

MKONO WA KUOKOA

Jambo la tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote, ni kukataa upanga. Wahenga walisema pia dawa ya moto ni moto. Wamenonite wanasema moto huzimwa kwa maji.

Wana habari moja ambayo watoto wao husimuliwa tangu wakiwa wadogo. Mwaka 1569, huko Asperen katika Uholanzi, mtu aliyeitwa Dirk Willems alikuwa amefungwa kwa sababu ya ubatizo wake. Akatoroka. Ilikuwa wakati wa baridi kali, na maji ya bwawa yalikuwa yameganda kuwa barafu. Dirk, aliyekonda kwa chakula cha gerezani, alivuka juu ya barafu akaokoka. Askari aliyemfukuza alikuwa mzito zaidi, barafu ikapasuka, akatumbukia majini. Dirk angeweza kwenda zake. Alirudi, akampa mkono, akamtoa. Askari alitaka kumwachilia, lakini mkuu wake aliyekuwa ng'ambo alimkumbusha kiapo chake, naye akamkamata mwokozi wake. Dirk Willems alichomwa moto tarehe 16 Mei mwaka huo.

Ndugu, msikilizaji mmoja atasema, Basi faida yake nini? Alikufa! Ndiyo, alikufa. Wamenonite hawafundishi kwamba kumpenda adui huleta faida kila mara. Wanafundisha kwamba Kristo alifanya hivyo, na mwanafunzi hampiti mwalimu wake.

Imani hiyo imewapeleka mahali pengi. Katika Vita Vikuu vya Pili, huko Marekani, vijana wapata 12,000 waliokataa kupigana, wakiwamo Wamenonite wengi, walipewa kazi nyingine badala ya jeshi. Walipanda miti, walizima moto wa misituni, na wengi walitumwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Huko waliona wagonjwa wakipigwa na kuachwa uchi. Wakayaandika waliyoyaona, nchi ikashtuka, na baada ya vita Wamenonite wakajenga hospitali zao za kuwatunza watu hao kwa heshima.

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira nchini Kanada, vijana wawili walevi waliharibu mali za watu 22 kwa usiku mmoja. Afisa mmoja wa mahakama, Mmenonite, alipendekeza kwa hakimu kwamba vijana hao wapelekwe kwa wale waliowadhulumu, mlango kwa mlango, waonane uso kwa uso, na wawalipe hasara. Hakimu akakubali, nao wakaenda. Njia hiyo ya kuwapatanisha mkosaji na mkosewa imeenea tangu hapo katika mahakama za nchi nyingi. Wazee wetu wa vijiji wakiisikia watacheka, kwa kuwa kukalisha pande mbili chini ya mti si jambo geni kwetu.

Na tarehe 2 Oktoba 2006, huko Pennsylvania, Marekani, mtu mmoja aliingia katika shule ndogo ya Waamishi, ambao ni ndugu wa Wamenonite, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa, naye akajiua. Kabla ya siku kwisha, Waamishi walikuwa wamekwenda nyumbani kwa jamaa za muuaji kuwafariji. Alipozikwa, baadhi ya wazazi waliozika watoto wao walihudhuria. Hawakusema hawana uchungu. Walisema msamaha ni jambo la kuanza leo na kuanza tena kesho, kwa kuwa uchungu nao hurudi kila asubuhi.

MEZA, SHAMBA NA MFUKO

Jambo la nne ni kusaidiana. Ghala la mtu likiungua, jirani zake huja na nyundo na misumeno, wanaume kujenga na wanawake kupika, na kwa siku moja au mbili ghala husimama tena. Sisi tuna harambee, wao wana hiyo. Katika vikundi vya kale hawataki hata bima, kwa maana wanasema bima ya Mkristo ni ndugu zake.

Msaada huo haukubaki kwao tu. Mwaka 1920, njaa ilipowapata ndugu zao katika Urusi ya kusini, Wamenonite wa Amerika ya Kaskazini waliunda kamati ya kupeleka chakula, ambayo mpaka leo hupeleka misaada katika nchi nyingi bila kuuliza dini ya mwenye njaa. Mwaka 1976 kamati hiyo ilitoa hata kitabu cha mapishi, kilichoandikwa na Doris Janzen Longacre, ili kuwafundisha watu wa nchi tajiri kula vizuri kwa kutumia kidogo, maana chakula cha dunia hakitoshi watu wote ikiwa wachache wanakula kupita kiasi. Ndivyo imani yao ilivyofika hata jikoni. Wimbi la uchumba wa vitu, la kununua kila kinachong'aa, hujaribu kila Mkristo. Nao wamejaribu kulizuia kwa sufuria ya dengu.

Na kanisani, makutano mengi ya Wamenonite huoshana miguu wanaposhiriki Meza ya Bwana, kama ilivyoandikwa katika Yohana 13. Tajiri huinama akashika mguu wa maskini. Ni vigumu kumdhulumu mtu siku ya Jumatano ikiwa Jumapili ulimwosha miguu.

KWETU AFRIKA YA MASHARIKI

Mwaka 1934 wamishonari Wamenonite kutoka Marekani walifika Tanganyika, wakaanza kazi Shirati, karibu na Ziwa Victoria, si mbali na mpaka wa Kenya. Shule na hospitali zikafuata. Mwaka 1942 Uamsho, ule ule uliotoka Rwanda na Uganda katika kanisa letu la Anglikana, ulifika Shirati. Waafrika na wamishonari walikiri dhambi zao pamoja, na ukuta uliokuwa kati yao ukaanza kuanguka. Kwa hiyo Mmenonite wa Mara na Mwanglikana wa Nyanza wamekunywa katika kisima kimoja. Mwaka 1967 Zedekia Kisare aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Na habari njema ilivuka mpaka kwa miguu ya jamaa na marafiki, hata likawako Kanisa la Mennonite hapa Kenya.

Katika Somalia walifanya kazi ya shule na tiba. Mwaka 1962 mwalimu wao, Merlin Grove, aliuawa kwa kisu mjini Mogadishu alipokuwa akiandikisha wanafunzi, na mkewe akajeruhiwa. Kanisa lake halikulipiza wala kufunga mlango. Waliendelea kufundisha watoto wa Kisomali mpaka walipolazimika kuondoka mwaka 1976. Na Ethiopia, mwaka 1982, serikali ya wakati ule ilifunga makanisa yao, ikachukua mali zao na kuwafunga viongozi wao. Washiriki walikuwa wapata 5,000. Walikutana nyumbani kwa siri, watu wachache wachache, na wanawake wakawa waalimu wa vikundi vingi. Walipotoka hadharani tena mwaka 1991, walikuwa zaidi ya 30,000.

SISI WAANGLIKANA TUSEMEJE?

Wapendwa, kanisa letu lina neno lake juu ya mambo haya. Katika zile Kanuni 39 za dini zilizo nyuma ya Kitabu cha Sala, Kanuni ya 27 yasema ubatizo wa watoto wadogo udumishwe. Ya 37 yasema ni halali Mkristo kuchukua silaha mtawala akiamuru. Ya 38 inawataja Waanabaptisti kwa jina, ikikana fundisho la kwamba mali za Wakristo ni za shirika. Na ya 39 yasema Mkristo aweza kuapa mbele ya hakimu. Zaidi ya hayo, mwaka 1575, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Waanabaptisti wawili kutoka Uholanzi walichomwa moto mjini London. John Foxe, aliyeandika habari za mashahidi wa Kiprotestanti, alimwandikia Malkia akimsihi asiwachome. Hakusikilizwa. Makanisa mengine yamekwisha kutengeneza na ndugu hao: mwaka 2010 Walutheri wa ulimwengu mzima, wakikutana Stuttgart, waliwaomba Wamenonite msamaha kwa mateso ya zamani, nao wakasamehewa.

Je, tuache kubatiza watoto? Hapana. Sisi twaamini kwamba ahadi ya Mungu ni kwetu na kwa watoto wetu, na kwamba neema humtangulia mtoto kabla hajaijua, kama mama anavyompenda kabla hajaweza kusema mama. Lakini Wamenonite wanatuuliza swali lililo halali: mkisha kumbatiza, mnamlea? Wako wapi wale wazazi wa ubatizo waliosimama kando ya kisima na kuahidi? Kijana anapowekewa mikono na Askofu, je, amechagua, au amefuata wenzake na nguo mpya? Tukishindwa kujibu, kosa ni letu, wala si la maji.

Je, tukatae askari? Hapa nasi twawauliza wao: jambazi akivunja mlango wa mjane usiku, nani atamlinda? Paulo katika Warumi 13 asema mtawala hauchukui upanga bure. Wamenonite wenyewe wanajua uzito wa swali hili. Katika miaka ya 1918 na 1919, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowafikia huko Ukraine na vijiji vyao vikaporwa, baadhi ya vijana wao walishika bunduki. Hawakukubaliana wao kwa wao, na mpaka leo wengi wao huikumbuka habari hiyo kwa huzuni.

Basi tusijifanye kwamba swali limekwisha. Lakini twajua jambo moja. Polisi aliyewekwa na sheria kumlinda mjane ni kitu kimoja. Kundi la watu wenye tairi na petroli wanaomzunguka kijana aliyeshukiwa kuiba kuku ni kitu kingine kabisa. Hakuna Kanuni ya 37 inayomruhusu Mkristo kusimama katika kundi hilo. Na baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika nchi yetu, wengine wakiwa wamekimbilia kanisani Kiambaa, lililochomwa tarehe 1 Januari 2008. Wauaji hawakutoka mbali. Katika nchi ambayo watu wengi hujiita Wakristo, waliochoma na waliochomwa walikuwa wamebatizwa. Dawa ya moto ilikuwa moto, na sote tuliona majivu.

Ndiyo maana twawaletea habari za majirani zetu hawa. Si lazima tuwe Wamenonite. Lakini juma hili twaweza kufanya mambo manne. Kwanza, tukitoa ahadi ya siku au ya bei, tuitimize bila kuapa. Pili, kama kuna ndugu tusiyesemezana naye, tumwendee sisi wenyewe, faraghani, kabla ya Jumapili. Tatu, kila mzazi wa ubatizo amtembelee mtoto wake, amwulize habari za roho yake. Nne, tukisikia kelele za mwizi, mwizi, twende mbio, si ili turushe jiwe, bali tusimame kati na tumwite mkuu wa mtaa au polisi. Hilo la nne ni la hatari, nasi twalijua. Dirk Willems pia alijua barafu ni nyembamba.

TUOMBE

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyewaombea waliokusulubisha, tunakushukuru kwa ndugu zetu waliolishika neno lako katika maji na katika moto. Utuponye na chuki iliyobaki ndani yetu tangu miaka ya damu. Fanya ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Walinde watoto wetu tuliowaleta kwako katika ubatizo, wakuchague wenyewe kwa furaha. Na siku ile tutakapomwona adui yetu akizama, utupe moyo wa kurudi. Kwa jina lako takatifu tunaomba. Amina.